Paka wa Whittington na choo cha mji: jinsi watoto walivyosimuliwa habari za mameya



Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa Novemba, barabara za katikati ya London hufungwa ili kupisha msafara mrefu wa bendi, farasi, askari na magari yaliyopambwa. Humo hupita gari la farasi lililonakshiwa kwa dhahabu, lililoundwa mwaka 1757, na Meya Mkuu wa City hupanda humo. City ni ule mji mkongwe wenye eneo la takriban maili moja ya mraba, ambao ndio kiini cha London ya leo. Kandokando ya njia husimama wazazi na watoto wao, na miongoni mwao wamo waliotoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Bukavu. Mtoto aonaye joho jekundu na dhahabu yote ile ana haki ya kuuliza: Je, huyu ni mfalme?

La hasha, si mfalme. Lakini mzazi anayejaribu kumweleza mwanawe ni nani hasa, mara nyingi huona maneno hayamjii upesi. Wengi wetu tulipokuwa wadogo tulifunzwa jina la rais, rangi za bendera na tarehe ya uhuru. Ni wachache waliofunzwa ni nani anayeamua taka zizolewe siku gani, mtaro uzibuliwe na nani, au shule ya mtaa ijengwe wapi. Leo tunatazama jinsi watoto wadogo walivyosimuliwa habari za mameya na serikali za mitaa, huko Uingereza na kwetu Afrika Mashariki, na yale ambayo masimulizi hayo yaliyaacha nje.

Maskini na paka wake

Mtoto wa Uingereza humjua meya kwanza katika hadithi. Hadithi yenyewe ni ya Dick Whittington, kijana fukara aliyekwenda London kwa miguu akiamini kwamba barabara za huko zimesakafiwa kwa dhahabu. Akapata kazi jikoni kwa tajiri mmoja, akanunua paka wa kumfukuzia panya. Tajiri yule alipotuma jahazi kwenda kufanya biashara ng'ambo, kila mtumishi aliruhusiwa kutia bidhaa yake chomboni. Dick hakuwa na kitu ila paka. Jahazi likafika kwa mfalme mmoja wa nchi za Afrika ya Kaskazini, ambaye kasri lake lilikuwa limejaa panya. Paka akanunuliwa kwa mali nyingi mno. Huku nyuma, Dick, aliyekuwa amekata tamaa na kuutoroka mji, alisikia kengele za kanisa zikimwita arudi, kwani atakuja kuwa meya mara tatu. Akarudi, akatajirika, akamwoa binti wa tajiri, na utabiri ukatimia.

Hadithi hii ilikuwa imekwisha kuingia katika michezo ya kuigiza ya London mnamo mwaka 1605, na tangu karne ya 19 imekuwa miongoni mwa maigizo yapendwayo na watoto wa nchi hiyo wakati wa Krismasi. Kwa vizazi vingi, hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza la mtoto kuhusu serikali ya mji: kwamba meya ni mtu aliyebahatika.

Lakini Richard Whittington alikuwa mtu wa kweli, na maisha yake ni tofauti na hadithi. Hakuwa fukara. Alizaliwa katika familia yenye ardhi huko Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Kwa kuwa hakuwa mtoto wa kwanza, hakuwa na urithi wa kutegemea, akapelekwa London kujifunza biashara ya vitambaa. Aliuza hariri na mahameli kwa watu wa kasri, akawakopesha fedha wafalme watatu kwa zamu. Mwaka 1397, meya aliyekuwa madarakani alipofariki dunia, mfalme Richard wa Pili alimteua Whittington kuziba pengo, na mwaka huo huo wenye haki ya kuchagua wakamthibitisha kwa kura zao. Alichaguliwa tena mwaka 1406 na mwaka 1419. Alifariki mwaka 1423 bila ya kuacha mtoto. Hakuna ushahidi wowote wa paka.

Basi mali yake ilikwenda wapi? Hapa ndipo penye somo ambalo hadithi haikulitia maanani. Fedha zake zilitumika kujenga upya gereza la Newgate, ambalo lilikuwa limechakaa na kuwaua wafungwa kwa maradhi. Zilisaidia kuanzisha maktaba katika ukumbi wa baraza la mji. Zikajenga makao ya wazee maskini, na wakfu huo ungali unaendelea hadi leo, baada ya miaka 600. Aidha, jina lake lilibaki katika choo cha umma kilichojengwa kando ya mto Thames, chenye nafasi 128, nusu za wanaume na nusu za wanawake, mahali ambapo maji ya mto yakijaa yalikuwa yakisomba uchafu na kuondoka nao.

Choo cha umma hakipendezi jukwaani kama paka. Hata hivyo, mtoto aambiwaye habari za choo kile atakuwa ameelewa kazi ya serikali ya mji kuliko aambiwaye habari za paka. Watu wakiishi pamoja kwa wingi, kuna mambo ambayo mtu mmoja hawezi kuyamaliza nyumbani kwake: maji, uchafu, moto, njia, soko, maradhi. Mambo hayo yanahitaji mfuko wa pamoja, na mfuko wa pamoja unahitaji watu wa kuusimamia na watu wa kuwauliza wasimamizi hao maswali.

Kwa nini meya hupita barabarani

Hata ule msafara wa Novemba una maana ambayo dhahabu huificha. Mwezi wa Mei mwaka 1215, mfalme John, akiwa taabani kwa ugomvi na makabaila wake, aliwapa watu wa London hati ya kumchagua meya wao wenyewe kila mwaka. Aliweka sharti moja, kwamba meya mpya aende kujionyesha kwa mfalme na kula kiapo cha utii. Safari ile ya kwenda kula kiapo ndiyo iliyogeuka kuwa sherehe. Mwezi mmoja baada ya hati hiyo, mfalme huyo huyo alilazimika kukubali mkataba maarufu wa Magna Carta, na meya wa London alikuwa mmoja wa watu 25 waliowekwa kuhakikisha kwamba mfalme anatimiza ahadi zake.

Tusidanganyike, lakini. Waliokuwa na haki ya kuchagua wakati ule walikuwa wachache, tena wenye mali. Hadi mwaka 1835 ndipo Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria iliyozilazimisha halmashauri 178 za miji kuchaguliwa na walipa kodi, na hata hapo wanawake hawakuhesabiwa. Mwaka 1913 mtaa wa Battersea, London, ulimpata John Archer kuwa meya, mtu mweusi aliyezaliwa Liverpool, baba yake akiwa mtu wa Barbados. Kabla yake, mwaka 1904, mji mdogo wa Thetford ulikwisha kumchagua Allan Minns, daktari mzaliwa wa Bahamas. City yenyewe haikupata Meya Mkuu mwanamke hadi mwaka 1983.

Na mtoto wa London hana budi kufunzwa pia kwamba mji wake una mameya zaidi ya mmoja. Yule wa gari la dhahabu ni wa ile maili moja ya mraba. Meya wa London nzima, anayechaguliwa moja kwa moja na wapiga kura, ni cheo kipya kabisa: wa kwanza, Ken Livingstone, alichaguliwa mwaka 2000, miaka 14 baada ya serikali ya Margaret Thatcher kulivunja baraza kuu la jiji hilo. Sadiq Khan, aliyechaguliwa mwaka 2016, alirejeshwa mwaka 2021 na tena mwaka 2024.

Liwali, jumbe, sheha na diwani

Sisi nasi, msikilizaji, tulikuwa na hadithi zetu. Miongoni mwa ngano ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, imo ile ya Sultani Darai. Maskini mmoja apekuaye jaani anamnunua paa. Paa yule, kwa werevu wake, anampatia mke wa kifalme, nyumba na mali. Inafanana sana na ya Whittington: mnyama anamwinua fukara. Lakini mwisho wake ni mwingine. Tajiri yule mpya anamdharau paa aliyemtendea wema, anamwacha augue na kufa, na watu wa mji wanamlilia paa. Mwishowe yule bwana anajikuta jaani alikotoka. Ngano ya Waingereza inamwambia mtoto kwamba cheo huja kwa bahati. Ngano ya Waswahili inamwonya kwamba cheo huondoka kwa kukosa shukrani. Zote mbili, hata hivyo, haziwataji watu wa mji kama wenye kuchagua. Kazi yao ni kushangilia au kulia.

Katika maisha ya kweli watu wa mwambao walikuwa na mengi zaidi. Miji ya Waswahili iliendeshwa kwa karne nyingi na wakubwa wake wenyewe na mabaraza ya wazee. Lamu ni mfano unaotajwa sana, ambako madaraka yaligawanywa baina ya pande mbili za mji. Mrima ilikuwa na majumbe na madiwani. Unguja ilikuwa na masheha, na hadi leo shehia ndiyo ngazi ya chini ya utawala visiwani. Watawala wa Kiomani walileta cheo cha liwali, neno litokanalo na Kiarabu al-wali, na huko Oman wali angali ndiye mkuu wa wilaya. Kwa hiyo mtoto wa Mswahili aliyekulia Maskati ana neno la kwao mkononi tayari.

Neno diwani nalo lina safari ndefu. Lilitoka Uajemi kupitia Uarabuni, likimaanisha daftari, ofisi au baraza. Kwetu likawa cheo cha mtawala wa mji, kisha mjumbe wa halmashauri, na papo hapo likabaki kuwa jina la mkusanyiko wa mashairi. Kuna mtu mmoja ambaye maana hizo zilikutana kwake. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na Diwani ya Amri. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, akiliongoza baraza la madiwani. Baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, na alifariki mjini Bonn, Ujerumani, mwaka 1964. Leo vijana wengi wa Arusha huitaja Sheikh Amri Abedi kila wiki, kwani ndilo jina la uwanja wao wa mpira, bila ya kufikiri kwamba mwenye jina alikuwa meya na mshairi.

Nairobi, iliyopewa hati ya kifalme ya kuwa jiji mwaka 1950, ilikuwa na mameya Wazungu hadi mwaka 1962, Charles Rubia alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuvaa mkufu wa umeya. Mwaka 1970 akaja Margaret Kenyatta, mwanamke wa kwanza Mwafrika katika kiti hicho, aliyekishika hadi mwaka 1976. Miaka 7 kabla ya City ya London kupata mwanamke wa kwanza, Nairobi ilikwisha kuwa na meya mwanamke Mwafrika na muda wake ulikwisha kumalizika.

Somo lililofutwa ubaoni

Hapa ndipo shida ya mwalimu wa darasa la tatu inapoanza. Atawafundishaje watoto habari za halmashauri iwapo halmashauri yenyewe inavunjwa na kuundwa upya kila baada ya muda?

Tanzania Bara ilizivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972, na za miji zikafuata. Madaraka yalisemekana kupelekwa mikoani, lakini waliokwenda nayo walikuwa maofisa wa serikali kuu. Miji iliharibika: mitaro iliziba, taka zilirundikana, na katika miaka hiyo ya 1970 kipindupindu kikazuka. Mwaka 1978 ilipitishwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikaja sheria za serikali za mitaa zilizo msingi wa mfumo uliopo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alisema kwamba lau angeanza upya, asingezifuta serikali za mitaa wala asingevivunja vyama vya ushirika. Ni maneno mazito kutoka kwa kiongozi aliyekuwa bado madarakani.

Huko Kenya, serikali ya Rais Daniel arap Moi ililivunja baraza la jiji la Nairobi mwaka 1983 na kuweka tume badala yake. Madiwani hawakurudi hadi kulipokuja uchaguzi wa vyama vingi mwaka 1992. Dar es Salaam nayo iliwekewa tume mwaka 1996, na mwaka 2000 jiji likagawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, ambazo baadaye ziliongezewa Ubungo na Kigamboni. Mwezi Februari mwaka 2021 Rais John Magufuli alilivunja baraza la jiji lililokuwa juu ya manispaa hizo, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliziondoa kabisa halmashauri za zamani. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 Nairobi haina meya bali gavana, naye akawa kiongozi wa kaunti anayechaguliwa na wananchi wenyewe.

Si kila badiliko katika hayo lilikuwa baya. Ugatuzi wa Kenya umewapa wapiga kura sauti ambayo hawakuwa nayo. Lakini matokeo yake kwa elimu ya mtoto ni kwamba babu, baba na mjukuu wa nyumba moja wanaweza kuwa wamefunzwa mambo matatu tofauti kuhusu mji mmoja. Na somo lililobaki vichwani mwa wengi, ingawa halikuandikwa katika kitabu chochote, ni kwamba baraza la mji ni kitu ambacho mkubwa hutoa na mkubwa huchukua. Mtoto aliyekua na somo hilo hamwendei diwani mtaro unapoziba. Hungoja rais apite.

Kuanzia kwenye pipa la taka

Je, jambo hili linaweza kufunzwa kwa mtoto wa miaka 6 au 7? Wapo waliojaribu. Mwaka 1979, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, mji wa Schiltigheim, mashariki mwa Ufaransa, ulianzisha baraza la watoto kando ya baraza la wakubwa. Watoto walichagua wajumbe wao, wakazungumza habari za viwanja vya michezo na usalama wa njia za kwenda shule. Miji mingi ya Ufaransa iliiga. Uingereza iliifanya elimu ya uraia kuwa ya lazima katika shule za sekondari za England mwaka 2002, ingawa katika shule za msingi iliachwa kuwa hiari. Tanzania nayo, baada ya kuingia katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, iliachana na somo la Siasa likaja la Uraia, na kuna mabaraza ya watoto katika sehemu mbalimbali za nchi.

Waalimu wenye uzoefu hawaanzi na cheo. Huanza na kitu ambacho mtoto anakiona: pipa la taka, taa ya barabarani, bembea iliyovunjika. Kisha huuliza: hiki ni cha nani? Si cha baba, si cha jirani, wala si cha rais. Ni chetu sote. Nani anakilipia? Hapo kodi na ushuru wa sokoni vinaingia. Nani anaamua kitengenezwe lini? Hapo anaingia diwani, ambaye wakazi wa kata wamemchagua, na meya, ambaye katika Tanzania madiwani wenzake humchagua miongoni mwao. Na je, akikosea? Swali hili la mwisho ndilo linalomtofautisha meya na Sultani Darai, na mtoto mdogo hulielewa bila ya shida, kwani hata kiranja wa darasa hubadilishwa.

Kwa wasikilizaji wetu walio ughaibuni somo hili lina uzito wa pekee. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, walio na haki ya kuishi Uingereza, wanaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura huko, zikiwemo kura za madiwani na mameya, hata kama hawajachukua uraia. Wapo wasiolijua jambo hilo, na wapo wanaolijua lakini wakadhani kwamba mambo ya mji si ya mgeni. Oman ilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa mabaraza ya manispaa kote nchini mwaka 2012. Na mwaka 2025 wapiga kura wa New York walimchagua Zohran Mamdani kuwa meya wao, mtu aliyezaliwa Kampala. Mtoto wa Kiganda aliye Boston au Minneapolis hana haja tena ya paka katika hadithi yake.

Mzazi anayeishi mbali na kwao ana kazi mbili. Ana wajibu wa kumjulisha mwanawe baraza la mji wanaoishi, na ana wajibu wa kumjulisha kwamba kule alikozaliwa bibi yake pia kuna kata, kuna mtaa, kuna sheha au mwenyekiti, na kwamba watu wa kule hawakuanza juzi kujiendesha. Asipoambiwa, atakua akiamini kwamba Ulaya ndiko kuliko na mameya na Afrika ndiko kuliko na marais tu. Historia, kama tulivyoisikia leo, inakanusha hayo. Sheikh Amri Abedi aliliongoza baraza la Dar es Salaam miaka 40 kabla ya wapiga kura wa London nzima kumchagua meya wao wa kwanza.

Basi mtoto akiuliza kama yule wa gari la dhahabu ni mfalme, jibu fupi lipo. Huyu ni mtu aliyechaguliwa kuutunza mji, na gari ataliacha. Jibu refu zaidi mzazi anaweza kulitoa siku yoyote, wakati wa kutoa pipa la taka nje ya mlango, kwa kumwuliza mwanawe anadhani ni nani atakayekuja kulichukua, na ni nani aliyemtuma.